Siku Kidoti Alipogeuka

Tangu asubuhi Fundi Soli alikuwa na kijiba cha roho, na sababu ya kijiba hicho ilikuwa imekaa pale uani kwenye kiti cha plastiki, imevaa fulana ya bluu ya zahanati, na mapajani imepakata simu kubwa kama sinia dogo.

Mtaa ulimwita Dada wa Simu. Zahanati ilimpa cheo kirefu, kimejaa mgongo mzima wa fulana, lakini mtaa hauna muda wa kusoma migongo ya watu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba zenye watoto wadogo. Anamkalisha mtoto mbele ya ile simu, anamwonyesha picha: upande huu mwanamke anaimba na kucheka, upande ule pia ya kuchezea inazunguka. Mtoto anatazama simu, na simu nayo inamtazama mtoto. Ina jicho kwa juu, linafuata mboni zake kuona zinapenda kukaa wapi, kwa mtu au kwa pia. Picha zikiisha, mama anasimama nyuma ya mtoto anamwita jina, na simu inaangalia kama atageuka.

Wakubwa walizizindua simu hizo kwa maturubai, vipaza sauti na utepe mwekundu. Wakubwa wetu hukosa dawa, hukosa vitanda, hukosa hata gari la kumpeleka mgonjwa, lakini utepe wa kukata hawajawahi kukosa.

"Simu si daktari," Dada wa Simu alikuwa akimweleza Mama Kidoti. "Haisemi mtoto ana nini. Inatuambia tu nani aende akaonwe na mtaalamu mapema. Kama ni usonji, tuujue sasa akiwa na miaka miwili. Tusingoje afike darasani ndiyo tuanze kushangaa."

"Mimi naogopa tu," alisema Mama Kidoti. "Nikimwita haniangalii. Anazungusha vifuniko vya chupa toka asubuhi mpaka ashikwe na usingizi. Nasema labda ni mimi, nashinda nasuka vichwa vya watu, simwongeleshi vya kutosha."

"Si wewe. Wala si kwa sababu ya kusuka. Umefanya vizuri sana kusema mapema, mama."

Fundi Soli, aliyekuwa upenuni kwake akipigilia soli ya kiatu cha shule, aliyasikia maneno hayo yakimpita kama sindano inavyopita kwenye ngozi. Umefanya vizuri sana, mama. Alitema msumari uliokuwa mdomoni na kuutazama kana kwamba ndio uliosema.

Mama Kidoti alikuwa binti wa mdogo wake. Alimwita Baba Mkubwa, na vyumba vyake viwili vilitazamana na vya Fundi katika ua mmoja. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni. Fundi ndiye mwanamume aliyebaki, yeye na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu ambaye mtaa ulimwita Bubu wa Fundi na marehemu mamake alimwita Bwana Mdogo. Bubu hakuwa. Alikuwa na maneno yake machache, ila aliyatoa kwa kipimo, kama mwenye duka anayeogopa bidhaa zitaisha.

Marehemu mke wa Fundi aliyaona yote haya kabla mtu yeyote hajaota kuunda simu ya namna hiyo. Chombo chake kilikuwa macho yake mawili. Aliona mwanawe hamtazami usoni anaponyonya. Aliona haelekezi kidole kwenye kitu anachotaka, bali anamshika mamake mkono na kuupeleka kama anavyopeleka kijiko. Akambeba akaenda kwa wakubwa wa hospitali. Dirisha moja wakamwambia watoto wa kiume huchelewa kusema, arudi nyumbani. Jingine wakampa dawa ya minyoo. La mwisho alikuwapo bwana mmoja wa miwani, ambaye bila kuinua uso kutoka kwenye chai yake alimwambia, "Mama, umemdekeza." Basi. Mwanamke yule alirudi nyumbani na neno hilo kama aliyechapwa muhuri wa moto, na hakulivua mpaka anavishwa sanda. Neno usonji lilikuja kuingia nyumba ile kupitia redio, mwana ameshaota ndevu, mama ameshafukiwa.

Sasa leo huyu wa juzi, binti wa mdogo wake, kaletewa huduma mpaka kwenye mkeka wake. Haulizwi kwa nini kachelewa. Hapangi foleni juani na mtoto anayejipiga kichwa. Anaambiwa amefanya vizuri. Fundi hakumchukia Kidoti, kwani Kidoti alishinda miguuni pake kila siku akipanga vipande vya ngozi. Hakumchukia hata mama yake. Ila aliona gere, gere mbichi isiyo na haya, na aliyemwonea gere hasa hakuwa amejitambua kwamba ana kitu cha kuonewa.

"Jamani, sasa tunyamaze kidogo," alisema Dada wa Simu. "Nataka amsikie mama peke yake. Fundi, naomba nyundo ipumzike."

"Imeshapumzika siku nyingi," alisema Fundi. "Hata yenyewe imechoka na serikali."

Dada wa Simu alicheka, Mama Kidoti hakucheka. Alisimama nyuma ya mtoto, karibu kabisa na meza ya viatu, mikono ameifumbata kama anayengoja hukumu. Kidoti aliketi mbele ya simu, mgongo wake mdogo umenyooka, kifuniko cha chupa kinazunguka chini mbele yake.

"Kidoti."

Kifuniko kikazunguka.

"Kidoti, mama."

Kikazunguka, kikayumba, kikalala. Mtoto akakiinua akakizungusha tena.

Hapa yafaa ieleweke jambo moja la nyumba ile. Bwana Mdogo hakuwahi kuitika jina lake. Mamake, baada ya kuita miaka na sauti kumkauka, siku moja alimwona akigeuka kwa nyundo ya baba yake ilipogonga chuma cha kupigilia viatu mara mbili. Tangu hapo hivyo ndivyo walivyomwita: ko-ko, njoo ule; ko-ko, njoo uoge. Na Kidoti, kwa kushinda pale upenuni, naye aliishika. Jina lake hakulijali, lakini ukigonga ko-ko anageuka na kukutazama kama amekukumbuka.

Fundi atakuambia mpaka leo kwamba hakupanga. Atakuwa amesema nusu. Mkono ulioinua nyundo ulikuwa mkono tu, haya. Lakini kuna aliyekwisha kuona kwamba Mama Kidoti amesimama pembeni ya chuma, na kwamba mtoto akiigeukia nyundo ataonekana amemgeukia mama, na huyo aliyeona hakuwa mkono.

"Kidoti," mama aliita mara ya mwisho, sauti imepasuka.

Ko-ko.

Mtoto akageuka, shingo, mabega na macho yake makubwa, mpaka kwa mama. Simu ikatoa mlio mwembamba na ukingo wake ukawa kijani.

Na nyuma ya nyumba Bwana Mdogo akatokea, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Chakula," alisema.

"Bado," alisema Fundi bila kumtazama. "Rudi."

Dada wa Simu alimtazama yule mwanamume mwenye ndevu akirudi alikotoka, akaitazama nyundo, akamtazama Fundi.

"Kulikuwa na mlio hapo."

"Imeniponyoka," alisema Fundi.

Dada wa Simu alifikicha macho. Nyumba za safu ile zilikuwa bado nyingi na jua lilishapanda. Kidole chake kilielea juu ya kioo kama nzi asiyejua atue wapi, kisha kikatua. "Haya. Imeonyesha kijani. Mama, hongera, kwa sasa hakuna haja ya kumpeleka popote. Tutaonana baada ya miezi sita."

Mama Kidoti alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akamkumbatia mtoto, akalia. Kisha akainuka akamkumbatia na Fundi, gundi na vumbi la ngozi vyote. "Baba Mkubwa, umeona? Amenigeukia. Mwanangu amenigeukia."

"Nimeona," alisema Fundi.

Alidhani atasikia utamu, na kweli aliusikia kidogo. Sasa wamekuwa sawa. Sasa na huyu naye ameambiwa arudi nyumbani. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kama wa dawa iliyopakwa sukari: ukishaulamba wa juu, unabaki na kidonge.

Wiki ile Mama Kidoti alisuka huku anaimba. Kila aliyekuja kusukwa alisimuliwa habari za simu, jinsi ilivyokuwa kijani, jinsi mtoto alivyogeuka. Wateja walimpongeza. Mmoja, mwenye mdomo usio na breki, alisema yeye siku zote alijua mtoto hana kitu, ni deko tu, na kwamba watoto wa siku hizi ni wajeuri tangu tumboni. Wakacheka. Fundi aliendelea kushona, akijichoma kidole mara kwa mara, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kisha ikaja siku ya kofi.

Mama Kidoti alikuwa amemaliza kichwa cha watu, mikono inamuuma, chakula kimepoa. Aliita. Kidoti alikuwa na vifuniko vyake. Aliita tena, akasogea, akamshika kidevu amtazame, mtoto akapeleka macho pembeni na kuanza kupiga yowe.

"Usinifanyie hivyo," mama alimwambia. "Simu imesema unasikia. Basi kama unasikia, hiyo ni dharau."

Kofi lililia ua mzima. Halikuwa kubwa, kofi la kiganja kilichochoka, lakini Fundi alilisikia kwenye meno yake. Aliinuka, viatu vya watu vikamwagika kutoka mapajani.

"Usimpige huyo mtoto."

"Baba Mkubwa, niache. Kama angekuwa mgonjwa ningemvumilia. Si mgonjwa, tumepima. Ni mkaidi." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Kosa ni langu. Nimemdekeza."

Alilisema neno lile kwa sauti ile ile, na kwa kuinamisha shingo vile vile, kama marehemu alivyolisema mara ya kwanza akiwa bado amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Yule bwana wa miwani hakuwapo. Hakukuwa na dirisha wala chai. Safari hii aliyempachika mwanamke neno lile alikuwa yeye, Fundi Soli, mtu ambaye kila jioni hulaani wakubwa mpaka mate yanamkauka.

Alivaa viatu vyake, ambavyo kama vya mafundi wote vilikuwa vibovu kuliko vya wateja, akaenda zahanati.

Alimkuta Dada wa Simu nyuma ya jengo anachaji zile simu kwenye soketi pekee iliyofanya kazi.

"Nataka mrudi mumpime tena Kidoti," alisema Fundi.

"Fundi, aliyetoka kijani anarudiwa baada ya miezi sita. Ndivyo tulivyoagizwa."

"Hakutoka kijani. Aligeukia nyundo. Na nyundo haikuniponyoka."

Dada wa Simu alichomoa waya, akauchomeka tena.

"Mimi niliisikia," alisema mwishowe. "Na nilimwona kijana wako anakuja. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa. Ningebonyeza turudie. Lakini Mkuu wa zahanati alisema tumalize mtaa mzima kabla wageni wa wizara hawajaja. Anataka idadi. Akiona nyumba moja nimekaa sana anauliza kama nimeolewa huko."

"Wakubwa wako hao," Fundi alianza, na maneno yote aliyoyazoea yakajipanga mdomoni, tayari kutoka. Alikuwa na haki nayo kila moja. Ila yakamwishia hapo. "Wakubwa wako wana lao. Na mimi nina langu. Utakuja?"

"Nitakuja kesho, Mkuu anune tu. Lakini siwezi kumrudia mtoto bila mama kujua kwa nini. Utamwambia wewe, mimi simwambii."

Akamwambia jioni ile ile, Mama Kidoti akiwa anafagia nywele za wateja mlangoni. Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, kama anayemweleza mteja kuwa kiatu chake kimeungua. Mama Kidoti aliendelea kufagia mpaka pahali palipokuwa safi pakawa safi mara mbili.

"Kwa makusudi," alisema.

"Kwa makusudi."

"Nimekukosea nini, Baba Mkubwa?"

"Hujanikosea kitu. Nilikuonea wivu."

Mama Kidoti aliinua uso. Alikuwa ametarajia mengi, lakini si hilo. "Wivu wa nini? Una macho kweli wewe? Nina mtoto asiyegeuka nikimwita, mume namwona kwenye picha, hebu nionyeshe hicho cha kuonewa wivu nikitunze vizuri."

"Muda," alisema Fundi. "Walikufuata ukiwa na muda. Mama yako mkubwa hakufuatwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, na walimfukuza."

"Kwa hiyo ukaona na mimi nifukuzwe."

Fundi aliinamisha macho kwenye rundo la nywele.

"Nimempiga," alisema Mama Kidoti. "Nimempiga kofi mwanangu, unajua? Nilidhani ananidharau." Aliuegemeza ufagio ukutani taratibu mno, kama kitu cha kuvunjika. "Kesho wakija, usiwepo. Usiwepo uani, usiwepo upenuni, na hiyo nyundo yako nenda nayo."

Alikwenda nayo. Alimchukua Bwana Mdogo wakatembea mpaka kwenye kona ya karakana za magari, wakakaa juu ya tairi, na Bwana Mdogo akafurahia kutazama magurudumu yanavyozunguka yakiwa yameinuliwa juu. Fundi hakutazama kitu. Sikio lake lilikuwa limebaki uani, likimsikia mwanamke anaita jina, na mtoto hageuki, na mwanamke anaita tena. Aliomba ageuke, ageuke kweli, kwa jina lake. Papo hapo akajua kuwa akigeuka kweli, kijiba kitarudi pale pale. Ndivyo alivyokuwa, na kwa umri wake hakuona nani atambadilisha.

Kidoti hakugeuka. Ukingo wa simu ukawa wa njano, na Mama Kidoti akapewa siku ya kumpeleka hospitali kubwa kwa mtaalamu. Habari hizo Fundi alizipata kwa Dada wa Simu, maana Mama Kidoti alikuwa hasemi naye. Salamu yake alimpitishia juu ya kichwa kama mtu anayeanika nguo.

Siku ya kwenda, hata hivyo, mume alikuwa safarini, na Kidoti hakupenda magari wala watu wengi. Mama Kidoti alisimama katikati ya ua na begi begani. "Nahitaji mtu wa kubeba begi," aliuambia ukuta.

Fundi akabeba begi, na Bwana Mdogo akawafuata, kwa vile hakuna wa kumwachia.

Hospitalini chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Fundi aliona zulia, mito ya rangi, na mwanamke wa makamo aliyevua viatu na kukaa chini sakafuni, usawa wa Kidoti, akizungusha naye kifuniko. Mtaalamu mzima, sakafuni. Gere ikampanda Fundi kutoka kwenye nyayo. Mkewe hakuwahi kukalishwa hata kwenye kiti.

"Na huyu?" alimuuliza muuguzi wa korido, akimwonyesha Bwana Mdogo. "Huyu naye hawezi kuonwa?"

Muuguzi alimtazama mwenye ndevu kuanzia chini mpaka juu. "Mzee, kitengo hiki ni cha watoto. Wakubwa wametupangia chini ya miaka mitano."

"Naye alikuwa chini ya miaka mitano."

"Ndiyo, mzee," alisema muuguzi, kwa upole uliomuumiza zaidi kuliko ukali. "Viti hivi ni vya wenye miadi, lakini kaeni tu."

Wakakaa. Humo ndani mtaalamu alikuwa akimfundisha Mama Kidoti. Asimshike kidevu amlazimishe kutazama. Ashuke yeye, aingie kwenye mchezo wa mtoto, afanye anachofanya, kisha asubiri. Akiomba kitu kwa mkono, ampe neno, moja tu, fupi. Sauti ilikuwa ya chini, na maneno mengine yalipotea kabla hayajafika koridoni. Fundi alikivuta kiti chake karibu na mlango. Akakivuta tena. Alikuwa anasikiliza na kope zake zimefumba, midomo inarudia: ashuke, asubiri, neno moja. Kiti kililia sakafuni kama mbuzi.

Humo ndani kukawa kimya. Mama Kidoti alikuwa amegeuza shingo. Alimwona Baba Mkubwa wake pale kwenye ufa wa mlango, sikio mbele kama mwizi, na nyuma yake Bwana Mdogo akihesabu vigae kwa kidole.

Alimtazama kwa muda, na uso wake haukulainika. Kisha alinyoosha mguu, bila kuinuka na bila kusema neno, akausukuma mlango mpaka ukafunguka wote.

"Samahani, daktari," alisema, akimgeukia mtaalamu. "Hilo la kusubiri, rudia kwa sauti kidogo."